Majalada ya Hadithi za Kusisimua na Wachoraji Wake: Historia Inavyoonekana Kutoka Madaba, Songea

I

Neno jalada limetoka katika Kiarabu, na asili yake yahusiana na ngozi, kwa kuwa vitabu vya zamani vilifungwa kwa ngozi. Neno gamba ni la Kibantu, nalo ni kitu kigumu kinachofunika kilicho laini, kama gamba la samaki au la kobe. Kwa maneno yote mawili twaelewa kuwa kazi ya kwanza ya jalada ni kuhifadhi. Lakini katika karne ya 20 jalada lilipewa kazi nyingine ambayo maneno hayo hayaitaji, nayo ni kuita. Jalada la hadithi ya upelelezi, ya mapenzi au ya vitisho huwekwa juu ya meza ya muuzaji ili limwite mpita njia ambaye hakukusudia kununua kitabu.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi majalada ya namna hiyo yalivyoanza, yalivyofika Afrika ya Mashariki, na hali ya wachoraji wake. Madaba imechaguliwa kuwa mahali pa kusimama na kutazama kwa sababu moja. Historia ya vitabu vyetu aghalabu huandikwa kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Unguja, yaani mahali vilipopigwa chapa. Walakini jalada halifanyi kazi yake kiwandani. Hulifanya mwisho wa njia, mbele ya macho ya mtu asiyemjua mwandishi wala mchapishaji. Madaba, iliyo katika nyanda za juu zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya mji wa Songea, kando ya njia kuu iendayo Njombe, ni mwisho wa njia wa namna hiyo.

II

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba pambo la kitabu lililetwa kwetu na mashine. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne ya 18 na ya 19 waliandika misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakazipamba kurasa zake kwa michoro ya maua na mistari iliyosukana. Mji huo ulisifika pia kwa kazi za ngozi. Basi mkono uliojua kupamba kitabu ulikuwapo pwani yetu kabla ya matbaa.

Tofauti ni katika nia ya pambo. Pambo la Siyu lilifanywa kwa heshima ya maneno, na kwa mtu aliyekwisha kukubali kuwa na kitabu kile. Halikuhitaji kumshawishi mtu, na hakuna aliyelipima kwa hesabu ya nakala zilizouzwa. Jalada la kuita lilizaliwa mahali pengine, kwa sababu za biashara.

Mahali hapo ni Marekani. Mwaka 1896 Frank Munsey alilifanya gazeti lake la Argosy liwe la hadithi tupu, akalipiga chapa juu ya karatasi duni iliyotengenezwa kwa miti iliyosagwa. Karatasi hiyo ilikuwa rahisi mno, ikageuka rangi na kuvunjika upesi. Magazeti mengine mengi yakafuata. Ndani yalikuwa ya rangi moja na karatasi mbaya. Nje yalivikwa jalada la karatasi nzuri lenye picha ya rangi nyingi, kwa kuwa gazeti lilipaswa kushindana na wenzake kwa makumi mbele ya mnunuzi mwenye senti chache. Mara nyingi mchapishaji alinunua picha kwanza, kisha akamtaka mwandishi atunge hadithi ya kuilingana. Hapo twaona jalada likitangulia kitabu.

Wachoraji wa magazeti hayo walikuwa mafundi wa kweli. Frank R. Paul alichora jalada la toleo la kwanza la Amazing Stories, Aprili 1926, akawapa wasomaji sura ya vyombo na sayari ambazo jicho halijaziona. Margaret Brundage wa Chicago alichora majalada mengi ya Weird Tales katika miaka ya 1930 kwa chaki za rangi. Na kwa kuwa alitia sahihi ya herufi ya kwanza tu ya jina lake, wasomaji wengi hawakujua kuwa ni mwanamke. Pamoja na ufundi huo, picha zenyewe zilihesabiwa kuwa takataka za kiwanda. Zilipokwisha kupigwa chapa nyingi zilitupwa, au ziliuzwa kwa bei ya bure. Leo watu hulipa fedha nyingi sana kwa zile chache zilizookoka.

Uingereza ilishika njia tofauti. Mwaka 1935 Allen Lane alianza kutoa vitabu vya Penguin kwa senti sita za Kiingereza, navyo havikuwa na picha hata kidogo: rangi ya machungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, buluu kwa maisha ya watu. Jalada lile lilimwambia msomaji aina ya kitabu, likamwachia mengine. Desturi hizi mbili, ya kuita kwa picha na ya kuarifu kwa unyamavu, ndizo zilizokuja kukutana Afrika ya Mashariki.

III

Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, yaani East African Literature Bureau, iliundwa mwaka 1948, makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwapatia wenyeji vitabu vya kusoma katika lugha zao na katika Kiswahili. Wakuu wake walikuwa watu wa elimu, na desturi ya unyamavu iliwafaa. Lakini Idara hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha shindano la hadithi la mwaka 1957 na 1958, ambalo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alilishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Kwa kitabu hicho Kiswahili kilipata mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko chake na fikira zake. Mwaka 1965 Idara ikatoa Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, na mwaka 1974 Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, ambamo Willy Gamba alizaliwa.

Hadithi za namna hii zamdai mchoraji jambo ambalo kitabu cha kilimo hakimdai: sura ya mtu. Mfano maarufu ni wa Sherlock Holmes. Kofia ya wawindaji ambayo dunia nzima humtambua nayo, mwandishi wake hakuitaja kwa jina lake. Ilitoka mkononi mwa Sidney Paget, aliyezichora hadithi hizo katika gazeti la Strand tangu mwaka 1891. Mwandishi alitoa maneno, mchoraji akatoa kofia, na kofia ikaishi sawasawa na maneno. Nasi pia, kila msomaji aliyemwona Bwana Msa au Willy Gamba juu ya jalada kabla ya kumsoma, alianza kusoma akiwa na uso machoni pake, na uso huo ulikuwa wa mchoraji.

Ili kuipima kazi hiyo kwa haki ni lazima tujue jinsi ilivyofanywa. Katika upigaji chapa wa zamani mchoraji alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe ngumu. Mchoro ulipigwa picha, ukahamishiwa juu ya bamba la zinki, na asidi ikala sehemu zisizohitajiwa hata mistari ikabaki imeinuka kama muhuri. Kila rangi ilitaka bamba lake, na karatasi kupita tena mashinini. Rangi moja zaidi ilikuwa gharama zaidi, na kitabu cha bei ya chini hakikuweza kuibeba. Basi mchoraji wetu alipewa aghalabu wino mbili, akapaswa kupata tatu: weupe wa karatasi aliutumia kuwa nuru, na mahali wino mbili zilipolaliana alipata rangi ya tatu bila malipo. Uso ukachorwa nusu kivuli, kwa sababu kivuli ni cheusi tupu na hakigharimu kitu. Mtu asiyejua haya huona ukali wa mistari na kudhani ni upungufu wa ufundi; ajuaye huona hesabu iliyofanywa vizuri. Mashine za ofseti zilipoenea, masharti hayo yalilegea, lakini macho ya wasomaji yalikuwa yamekwisha kuzoea mtindo huo na kuupenda.

Sambamba na vitabu vilikuwapo vichekesho na magazeti. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika magazeti ya Kiswahili. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, Dar es Salaam. Magazeti ya hadithi za picha za kamera, kama African Film lililomtangaza Lance Spearman, yaliuzwa katika miji yetu katika miaka ya karibu na 1970, na Katalambulla mwenyewe akatoa Film Tanzania kwa namna hiyo. Nairobi, mwaka 1973, Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha gazeti la Joe, na majalada ya Hirst yakawa sababu ya watu kulinunua. Kisha Dar es Salaam likatokea Sani, gazeti la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambamo wachoraji kama Philip Ndunguru walipata wasomaji wengi. Katika miaka hiyo ya 1980 ndipo wachapishaji wadogo walipojaza meza za barabarani vitabu vyembamba vya mapenzi na upelelezi; na Ben Mtobwa, mtungaji wa hadithi za Joram Kiango, akaanzisha Heko.

IV

Sasa tuitazame Madaba. Vitabu vilifika huko kwa mito miwili iliyotoka pande mbili. Mto wa kwanza ulitoka kusini. Peramiho, karibu na Songea, Wabenedikto walianza misheni yao mwaka 1898, na baadaye wakaweka kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya dini na vya elimu. Kitabu cha namna hiyo hakihitaji kumshtua msomaji kwa jalada, kwa kuwa humfikia kwa mkono wa padre, katekista au mwalimu. Mwenye kukitoa ndiye anayekisifu.

Mto wa pili ulitoka kaskazini, kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe. Hadithi ya Willy Gamba haikuwa na katekista. Ilisafiri katika mfuko wa abiria, katika sanduku la mwanafunzi aliyerudi likizoni, au katika bunda la mchuuzi, nayo ilipaswa kujisifu yenyewe. Njia ya Makambako hadi Songea ilitiwa lami katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo ilikuwa ya changarawe na udongo, na masika yalijua kuifunga. Kwa mahali kama Madaba, basi, kitabu chenye gamba la karatasi kilikuwa mgeni aliyefika kwa taabu, na alipofika alipokewa na watu wengi, mmoja baada ya mmoja, hata jalada lake likachakaa.

Wasomaji wa kumpokea walikuwa wakiongezeka. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya kampeni ya kisomo hesabu ya mwaka 1975 ilikuwa 39. Tena sehemu hii ya Songea ilikuwa na fikira zake juu ya elimu. Matetereka, iliyo katika eneo la Madaba, ilikuwa mojawapo ya vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanachama wake walilima pamoja na kuamua mambo yao wenyewe mpaka Serikali ilipokivunja mwaka 1969. Mtu aliyejifunza kusoma katika utu uzima alipewa kwanza vitabu vya mbegu na afya, navyo ni vyema. Lakini mtu hathibiti kuwa msomaji mpaka asome kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Kwa wengi kitu hicho kilikuwa hadithi ya kusisimua, na aliyewaita kwake alikuwa mchoraji.

Hii ndiyo sababu ya kusema kuwa jalada ni sehemu ya historia ya kisomo. Mtu asomaye polepole huanza kwa picha. Hutazama bastola, simu, gari, mwanamke aliyegeuza uso, akajiuliza swali. Kisha hufungua ili apate jibu, na jibu liko katika maneno. Mchoraji aliyeuliza swali zuri alimvusha mtu mpaka ukurasa wa kwanza, na kutoka hapo mwandishi alimpokea.

V

Walikuwako waliolaumu majalada haya, na lawama yao haifai kupuuzwa. Walisema kuwa picha hudanganya, ikiahidi yasiyomo. Kuwa huiga mitindo ya Ulaya na Marekani. Na kuwa mwili wa mwanamke umefanywa chambo. Lawama hizo zilikuwa na nguvu zaidi Tanzania. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa ya aibu. Mwaka 1976 vitabu vya David Maillu, vilivyotolewa Nairobi na Comb Books, vilipigwa marufuku nchini. Katika mazingira hayo mchoraji alikuwa mtu wa kwanza kushtakiwa, kwa kuwa hakimu wa kitabu mara nyingi huishia nje.

Sehemu ya lawama ni ya haki. Mwanamke juu ya majalada mengi ya namna hii duniani hana kazi ila kutazamwa, hata pale ambapo ndani ya hadithi ana akili na neno la kusema. Lakini wenye kulaumu walisahau mambo mawili. Kwanza, mchoraji hakuwa mwenye shauri. Alichora aliloagizwa na mchapishaji, naye mchapishaji aliagiza alilodhani litauzwa. Pili, pamoja na kuiga kwake, jalada la Kiswahili lilifanya jambo jipya. Mpelelezi mwerevu na tajiri mwenye siri walichorwa Waafrika. Mitaa ilikuwa ya Kariakoo, baibui na kanzu zilikuwa za kwetu. Kijana wa Madaba aliyekwisha kuona majalada ya James Hadley Chase, ambamo kila uso ni wa Kizungu, aliona kwa Musiba na Mtobwa kwamba mtu wa rangi yake aweza kuwa kiini cha kisa. Jambo hilo halikuwa dogo katika nchi iliyopata uhuru mwaka 1961.

VI

Lililo zito kuliko yote ni majina. Mkoa wa Ruvuma watupa kipimo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, akaenda Dar es Salaam, akachora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za baiskeli juu ya vibao vya dari. Alifariki mwaka 1972 baada ya kuchora kwa miaka michache tu, na leo jina lake ni jina la sanaa nzima. Kila kibao chake kilikuwa kimoja, kikanunuliwa na mtu mmoja. Mchoraji wa jalada alitoa picha iliyoigwa kwa maelfu, ikafika Madaba na Kigoma na Lamu, ikashikwa na mikono isiyohesabika. Naye mara nyingi hakutajwa hata ndani ya kitabu. Jina la mwandishi liko, la mchapishaji liko, la kiwanda cha chapa liko, kama sheria ilivyotaka. La mchoraji, kwa vitabu vingi, halipo.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yatambua mchoro kuwa kazi yenye mwenyewe. Lakini sheria haiwezi kumlinda asiyejulikana, wala haiwezi kurudisha jina lililokwisha kupotea. Na kupotea kwaendelea, kwa sababu tatu. Karatasi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa duni, nazo zinavunjika. Maktaba nyingi zinapokifunga upya kitabu kilichochakaa huling'oa jalada la asili na kulitupa, zikabakiza maneno. Na watu waliofanya kazi katika viwanda vya chapa, ambao walimjua kila mchoraji kwa uso na kwa mkono wake, ni wazee sasa.

Basi yafaa mambo manne yafanywe. Maktaba zihifadhi jalada la asili hata kitabu kifungwapo upya, ziliweke ndani ya gamba jipya. Katika orodha za vitabu pawekwe nafasi ya jina la mchoraji kando ya jina la mwandishi. Wazee wa viwanda vya chapa, wa Peramiho kama wa Dar es Salaam, waulizwe mapema, majalada yakiwa mbele yao, na majibu yao yaandikwe pamoja na jina la aliyejibu. Na nakala zikusanywe wilayani, si mijini tu, kwa kuwa nakala iliyotumika ina habari isiyokuwamo katika nakala safi: majina ya waliokiazima kitabu, tarehe, na jalada lililoshonwa kwa uzi ili lisianguke.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka mtu mwenye subira, kalamu na sanduku la kuwekea. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Madaba, Mahanje au Wino aweza kuianza likizoni kwa kuuliza nyumba kwa nyumba ni nani aliyehifadhi hadithi za zamani. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wachoraji hawa walichezea kwao, mbele ya umma mkubwa kuliko wa mwandishi yeyote, na tuzo wanalostahili ni dogo: kuitwa kwa majina yao.